Kisa, Ndoto au Eda? Historia ya Jina la Hadithi Fupi ya Kate Chopin

Katika uhakiki tuliorithishwa tangu sekondari, jina la kitabu hukaa mkiani. Mhakiki akishamaliza muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, hubakiza mistari mitatu chini ya ukurasa na kuandika kwamba jina la kitabu linasadifu yaliyomo. Basi, maksi zimepatikana, tuendelee na swali la pili. Sijapata kuona mwanafunzi aliyethubutu kuandika kwamba jina halisadifu. Na wewe msomaji, sema kweli, umewahi?

Makala haya yanakusudia kulitoa jina mkiani na kuliweka mbele, kwa kufuata historia ya hadithi fupi moja tu ambayo kwa Kiingereza imeitwa majina mawili, na ambayo semina yetu ya tafsiri ililazimika kuitafutia jina la Kiswahili. Tulidhani kazi hiyo itatuchukua dakika kumi. Ilituchukua wiki mbili na watu wakanuniana.

Hadithi yenyewe ni ya Mmarekani Kate Chopin. Wengi wanaijua kwa jina la "The Story of an Hour". Ina maneno yapatayo elfu moja, kurasa mbili tatu hivi, lakini hakuna neno la kutupa. Louise Mallard ana maradhi ya moyo. Dada yake, Josephine, anamfikishia kwa kuzungukazunguka habari ya kwamba mumewe, Brently, amekufa katika ajali ya treni. Richards, rafiki wa mume, ndiye aliyekuwa ofisini mwa gazeti telegramu ilipoingia. Akasubiri ya pili ithibitishe, kisha akakimbia kabla mtu mwingine asiye na huruma hajafika. Mke analia palepale, kwa kishindo, kisha anapanda chumbani peke yake na kuketi mbele ya dirisha lililo wazi. Nje ni majira ya kuchipua: miti, harufu ya mvua, mchuuzi anaita wateja, ndege, vipande vya anga ya buluu. Hapo ndipo kinapomjia kitu asichokijua jina, anakihofia, anajaribu kukirudisha kilikotoka, kisha anakikubali: kwamba miaka iliyobaki itakuwa yake mwenyewe. Josephine amepiga magoti nje anaita kwenye tundu la ufunguo, akidhani dada yake anajiua kwa majonzi. Mwishowe wanashuka ngazi pamoja. Mlango wa mbele unafunguliwa kwa ufunguo, na anayeingia ni Brently, mkoba na mwavuli mkononi, mavumbi ya safari mwilini. Hakuwa hata karibu na ajali. Mke anaanguka na kufa. Madaktari wanakuja na kutoa hukumu yao: furaha imezidi uwezo wa moyo.

Sasa tuje kwenye historia.

Chopin aliiandika hadithi hii tarehe 19 Aprili 1894. Ilitoka mara ya kwanza katika gazeti la Vogue tarehe 6 Desemba mwaka huohuo, na jina lililokuwa juu yake halikuwa lile tunalolijua. Iliitwa "The Dream of an Hour", yaani ndoto ya muda wa saa moja. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Januari 1895, ilichapwa tena katika gazeti la nyumbani kwao, St. Louis Life. Baada ya hapo ikalala. Haikuingia katika mkusanyiko wake wa "Bayou Folk" wa 1894 wala ule wa "A Night in Acadie" wa 1897. Aliiweka katika mkusanyiko wa tatu, "A Vocation and a Voice", lakini mchapishaji aliurudisha muswada huo mwaka 1900, na ulikuja kuchapishwa kama kitabu mwaka 1991. Chopin alikuwa amekwisha fariki tangu 1904. Maana yake, mwandishi hakupata kuiona hadithi yake hii ndani ya kitabu chake.

Aliyeifufua ni Mnorwe, Per Seyersted. Mwaka 1969 alitoa kwa mkupuo wasifu wa Chopin na kazi zake zote katika majuzuu mawili, kupitia Louisiana State University Press. Humo hadithi yetu inaitwa "The Story of an Hour", na jina hilo ndilo lililoenea katika vitabu vya shule duniani kote. Ndoto ikabaki kwa wataalamu wa nyaraka.

Je, tofauti ya neno moja ina uzito gani? Mimi nasema ina uzito wa hadithi nzima. Ukisema "story", unamwachia msomaji hakimu awe yeye. Ukisema "dream", umekwisha kumwambia kabla hajasoma kwamba alichokiona yule mwanamke dirishani hakikuwapo. Ni kama wakili anayemwambia hakimu jibu kabla shahidi hajaapa. Na tukumbuke gazeti lenyewe. Vogue lilianza Desemba 1892 likiwa gazeti la wenye nacho, la mavazi na adabu za ukumbini. Hata hivyo lilichapa hadithi kumi na tisa za Chopin, na baadhi ni zile ambazo magazeti ya kiungwana zaidi yangezishika kwa ncha za vidole. Mjane anayefurahi mwaka 1894 si jambo dogo. Ukiita furaha yake ndoto, umeifunika ushungi kidogo, ikaweza kupita mbele za watu. Nalitoa wazo hili kama tafsiri yangu ya jina, lakini sioni kama linapingana na maandiko.

Inasaidia pia kujua kwamba Chopin hakuwa mtu wa jina moja. Hadithi yake nyingine mashuhuri, "Désirée's Baby", ilipotoka katika Vogue tarehe 14 Januari 1893 iliitwa "The Father of Désirée's Baby". Wanaoijua wataona mara moja kilichotokea. Ni hadithi ya mtoto anayezaliwa na dalili za damu nyeusi katika shamba la watumwa huko Louisiana. Mume anamfukuza mke, asiyejulikana wazazi wake, akimshtaki kwamba yeye ndiye mwenye damu hiyo. Mwishoni barua ya zamani inafichua kwamba ni ya mume. Jina la kwanza linamnyoshea baba kidole tangu mstari wa juu. Jina la pili, lililotumika katika "Bayou Folk", linamwondoa baba, na msomaji anaingia mtegoni sawasawa na wahusika. Neno moja limefutwa na fumbo limekuwa fumbo. Vilevile riwaya yake ya 1899, "The Awakening", kwanza aliiita "A Solitary Soul". Kutoka roho iliyo pweke mpaka kuamka: jina la kwanza linasema mhusika yuko katika hali gani, la pili linasema anafanya nini. Nafikiri mwanamke huyu alijua kabisa jina ni kazi.

Alijua pia tafsiri ni kazi. Alizitafsiri hadithi kadhaa za Maupassant kutoka Kifaransa, mojawapo ikiwa "Solitude". Kwa hiyo tunapomtafsiri yeye, tunamtafsiri fundi mwenzetu, naye asingetuonea huruma.

Na je, alizijua habari za ujane? Alizijua kuliko alivyotaka. Alizaliwa St. Louis mwaka 1850. Tarehe 1 Novemba 1855 treni iliyobeba wakubwa wa mji kusherehekea njia mpya ya reli ilitumbukia mtoni pale daraja la Gasconade lilipovunjika. Watu zaidi ya thelathini walikufa, na baba yake, Thomas O'Flaherty, akiwamo. Mama yake, Eliza, alibaki mjane akiwa na umri wa miaka 27, na hakuolewa tena hadi kufa. Kate akalelewa katika nyumba ya wajane: mama, bibi, na mama yake bibi. Yeye mwenyewe alifiwa na mumewe, Oscar, kwa malaria mwezi Desemba 1882, akaachiwa watoto sita. Alishika duka na mashamba ya mume huko Cloutierville kwa zaidi ya mwaka mzima, ndipo akarudi kwa mama yake. Mwandishi wa maisha yake, Emily Toth, ameihusisha ajali ile ya reli na hadithi hii, na ni vigumu kumkatalia. Katika maisha halisi treni ilimuua baba na mama akaishi. Katika hadithi, treni haikumuua mume, na mke ndiye aliyekufa. Nimelitazama hilo geuzo mara nyingi. Linanitisha.

(Kwa mabano: nyumba ile ya O'Flaherty ilikuwa na watumwa. Neno "huru", ambalo Louise analinong'ona peke yake chumbani, kwa Kiswahili lina kinyume chake kimoja cha kale, nacho ni "mtumwa". Mtafsiri analipata bila kulitafuta. Chopin hakuliweka pale kwa makusudi hayo, lakini sisi hatuwezi kulisoma bila kulisikia.)

Turudi semina. Pendekezo la kwanza lilikuwa "Ndoto ya Saa Moja", kwa hoja kwamba ndilo jina la mwanzo kabisa lililochapwa, na cha kwanza ndicho asili. Hoja inasikika vizuri. Lakini Kiswahili kina Alinacha wake. Ukimwambia Mswahili kuhusu ndoto ya mtu aliyeketi peke yake akipanga maisha yake ya mbele, picha inayomjia ni ya yule jamaa wa vyombo vya kioo, aliyepanga biashara mpaka akamwoa binti wa waziri, akarusha teke la kiburi na kuvunja kapu zima. Ndoto za Alinacha! Hadithi ile ilitujia kutoka Alfu Lela Ulela, na msemo wenyewe husemwa kwa dhihaka: mpumbavu, alitaka asichostahili. Basi ukimwita Louise mwota ndoto kwa Kiswahili, umemtia katika kapu la Alinacha, na kifo chake kimekuwa adhabu. Wavulana kadhaa wa semina, nasema tu nilichokiona, walilipenda jina hili kwa sababu hiyohiyo. Mmoja alisema: "Si amefurahia kifo cha mumewe? Acha ndoto imfie." Hapo ndipo kununiana kulikoanzia.

Pendekezo la pili lilitokana na filamu ya televisheni ya huko Marekani ya miaka ya 1980, iliyoibadili hadithi jina na kuiita "The Joy That Kills". Tungeweza kusema "Furaha Inayoua". Hili sikulipenda hata kidogo. Maneno hayo ni ya madaktari, na madaktari ndio watu pekee katika hadithi yote ambao hawakuwapo. Ukiyafanya kuwa jina umewapa wao kalamu. Tena umekwisha kumwambia msomaji mwisho wake, kama konda anayetaja kituo kabla basi halijaondoka.

Pendekezo la tatu ndilo lililotikisa chumba. Mwenzetu mmoja kutoka Unguja, ambaye kwa kawaida huwa kimya, alisema taratibu: "Eda ya Saa Moja."

Tulinyamaza. Wale wa bara tuliomo tulihitaji maelezo kidogo, naye akatupa. Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, haposwi. Na siku eda inapokwisha, anatoka akiwa na amri juu ya nafsi yake. Kwa hiyo, alisema, Louise amekaa eda. Ameingia chumbani analia, ametoka chumbani mtu mwingine. Tofauti ni kwamba eda yake imemaliza miezi minne ndani ya saa moja, na maiti akaingia mlangoni na mwavuli.

Mimi naliheshimu sana pendekezo hili. Lina ukoo katika historia yetu ya tafsiri. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969, hakumwita mtu wa Venice mfanyabiashara. Aliandika "Mabepari wa Venisi". Mmoja akawa wengi, na biashara ikawa ubepari. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha, na neno lile lilikuwa na kazi mitaani kabla halijafika jukwaani. Jina peke yake ni uhakiki uliokamilika. Vivyo hivyo Clement Ndulute alipoileta riwaya ya kwanza ya Achebe kwa Kiswahili mwaka 1973, alituletea "Shujaa Okonkwo". Achebe aliweka jamii nzima juani inavyobomoka. Jina la Kiswahili likamtoa mtu mmoja na kumsimamisha kwenye jukwaa la mashujaa wa tendi zetu. Unaweza kulipinga, wengi wanalipinga, lakini huwezi kusema mtafsiri alilala.

Ila "eda" ina madai yake. Eda ni sheria, ina hesabu, ina mashahidi; mjane aliye edani analindwa na jamaa na kila mtu anajua yuko wapi. Louise hana hesabu wala mashahidi. Alichokipata hakikupewa na sheria yoyote, wala dini aliyokulia mwandishi haina utaratibu huo. Ukimtia edani umempa heshima ambayo hadithi imemnyima kwa makusudi. Ukali wa Chopin ni kwamba kule juu chumbani hakuna desturi inayomshika mkono. Yuko yeye na dirisha. Halafu kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa uzito. Wapo baina yetu wenye mama na shangazi ambao baada ya mazishi walihesabiwa vijiko na ndugu wa marehemu, au waliambiwa warithiwe na shemeji. Katika semina palikuwa na mtu kama huyo, na alisema hataki jina lenye harufu ya matanga. Alisema mama yake hajawahi kukaa hata saa moja katika chumba chenye mlango uliofungwa. Hakuna aliyemjibu.

Sasa nitaje upande wangu. Napendekeza "kisa".

Kamusi zitakwambia kisa ni hadithi, habari, tukio. Ni sawa. Lakini Mswahili akiuliza "kisa?" haombi hadithi, anaomba sababu. Kisa cha ugomvi ni kilichouleta ugomvi. Kisa cha kifo ni kilichomuua marehemu. Neno "story" la Kiingereza halina mlango huo, na hadithi hii yote imejengwa mlangoni hapo. Kifo kina visa viwili. Kimoja ni cha madaktari: amekufa kwa furaha ya kumwona mumewe. Cha pili anacho msomaji peke yake, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa chumbani na Louise: amekufa kwa kupokonywa. Josephine hajui, Richards hajui, na Brently masikini atazeeka akidhani alipendwa hadi kufa. Jina "Kisa" linamwuliza msomaji swali kabla hajafungua mlango, na wala halimnong'onezi jibu. Kwa hili naona tafsiri imepata kitu ambacho asili haikuwa nacho, jambo ambalo hutokea mara chache na tunapaswa kulipokea bila aibu.

Lakini "saa moja" inatusumbua. Mwalimu wetu alilitambua upesi kuliko sisi: "Kisa cha Saa Moja ni kisa cha asubuhi au cha jioni?" Tulicheka, kumbe anasema kweli. Kwa hesabu yetu ya saa, saa moja ni wakati jua linapochomoza au linapotua. Msomaji wa Kiswahili atakuwa anatazama jua badala ya kumtazama Louise. Mmoja akapendekeza "muda wa saa moja", jina linalofanana na tangazo la mgao wa umeme.

Pendekezo langu likawa "Kisa cha Saa Nzima". "Saa nzima" haiwezi kuwa wakati wa jua, ni muda tu. Husemwa na mtu aliyengojeshwa, ni kweli, na mwalimu alinipinga kwa hoja hiyo: inaleta manung'uniko ya kituo cha daladala. Mimi najibu kwamba Louise alingoja zaidi ya hapo. Na kuna jambo ambalo halikuwa katika hesabu zangu nilipoanza: "nzima" kwa Kiswahili ni kamili, na pia ni yenye uhai, isiyo na ugonjwa. Tunaulizana kila asubuhi, u mzima? Hadithi inaanza kwa kutuambia kwamba mwanamke huyu ni mgonjwa wa moyo. Katika maisha yake tunaonyeshwa muda mmoja tu ambao damu inamwenda vizuri, mwili unapata joto, na anaombea maisha marefu ilhali jana tu aliyaogopa marefu hayo. Muda huo ni saa. Ilikuwa nzima.

Ziada ndogo kuhusu majina. Mpaka karibu na mwisho msimulizi humwita kwa jina la mumewe, Mallard. Jina lake mwenyewe, Louise, tunalisikia kwanza linapoitwa na dada yake kupitia tundu la ufunguo, baada ya yeye kuwa tayari ni wa kwake. Dakika chache baadaye linarudi la mume, na mume mwenyewe nyuma yake. Mwandishi aliyepanga majina ya mhusika kwa uangalifu huu hawezi kutendewa haki kwa mistari mitatu chini ya ukurasa.

Tulipiga kura. "Eda" ilishinda kwa kura tisa dhidi ya saba za "Kisa". "Ndoto" ilipata mbili, na zote mbili zinajulikana ni za nani. Nakala za semina zikatoka na jina la washindi, nami nimelikubali, ingawa katika nakala yangu nimeandika langu juu kwa kalamu ya risasi. Muhula ujao tunaanza ile ya Désirée, na mabishano yamekwisha kuanza katika korido: "Mtoto wa Désirée" au "Baba wa Mtoto wa Désirée"? Yule mwenzetu wa Unguja anasema baba atajwe. Safari hii niko upande wake.